Wavu Ulioshuka Kupita Kiasi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na naomba barua hii ikukute umekaa, tena kwenye kile kiti chenye mikono, maana ina maneno marefu na mengine hayafai kusomwa mtu amesimama. Goti lako linaendeleaje? Dawa ya kuchua ilikuwa imebaki kidogo nilipoondoka, ulipata nyingine? Na jirani wa ukuta wa pili, bado anagonga nyundo alfajiri kama anayejenga meli chumbani? Mimi afya yangu ni nzuri, nakula, napumua, ila kutulia ndiko kumenishinda. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea, na mama mwenye nyumba niliyopanga ameshaniuliza kama viatu vyangu vimeingiwa na siafu.

Simu zako nimeziona zote. Najua pia kwamba siku ile ulikwenda kituoni kutusubiri, ukasimama na goti hilo hilo, basi likafika, watu wakashuka mmoja mmoja mpaka wakaisha, na sisi hatukuwamo. Ukaniuliza kwa ujumbe tumepotelea wapi. Nikakujibu kwamba basi limeharibika njiani. Kesho yake nikakuandikia kwamba mwanao ana mafua. Halafu nikakuandikia kwamba simu yangu imeangukia baharini ikamezwa na samaki, na ujumbe huo niliutuma kwa simu hiyo hiyo, jambo ambalo nimelitambua baadaye sana.

Hakuna basi lililoharibika, Dada, na mwanao hana mafua. Sikupokea simu zako kwa sababu nikiisikia sauti yako mdomo unanitangulia, na unaujua mdomo wangu tangu tunacheza uani. Kalamu ni nzito, inabidi inisubiri. Kwa hiyo nimeamua kuandika, mimi ambaye mwalimu alinirudisha nyumbani akisema kichwa changu ni kizuri ila hakitaki kukaa juu ya shingo. Makosa ya herufi utayasamehe. Ila niache nianzie mwanzo, kwani nikianzia mwisho utaichana karatasi.

Unakumbuka ulivyonituma. Tangu shemeji alipotutoka nyumba imekuwa kubwa kwako, unasema hata kijiko ukikiweka mezani kinapiga kelele. Ukazungumza na yule mama mwalimu mkuu wa shule ya pale barabarani, akakubali kumwekea mwanao nafasi ya kufundisha sayansi mpaka muhula uanze. Ukaniambia, wewe ni mjomba wake, wewe atakusikia, nenda kamlete. Nami nikajipiga kifua getini mbele ya watu, nikasema nitarudi naye kabla chai yako haijapoa. Chai hiyo nadhani ulishaimwaga na kikombe ukakiosha.

Mji wa huku ni mteremko mtupu. Mitaa yote inashuka bandarini. Ukiangusha chungwa mlangoni kwako utaliokota gatini. Ukungu unaingia madirishani bila kubisha hodi. Chini kabisa, kando ya maji, kuna kiwanda kilichojengwa kwa mabati, kinachokausha vijidudu vya baharini na kuvisaga unga wa kulishia samaki wa kufugwa. Vijidudu hivyo vinaitwa krili. Usicheke, hata mimi nilicheka nikakatazwa. Ni jamaa zake uduvi, wekundu, macho meusi kama mbegu za mchicha, urefu haufikii kidole changu cha mwisho, na ngozi yao inaonesha mpaka walichokula. Lakini nyangumi mzima, mkubwa kuliko nyumba yako na ya jirani zikiunganishwa, anaishi kwa kula hao. Samaki wanakula hao, ndege wa baharini wanakula hao, na mji wote huu unakula kwa sababu yao. Nilipofika, kiwanda kilikuwa kimya. Wenyeji waliniambia harufu yake ikiwepo wanaziba pua, isipokuwepo wanashika vichwa. Nami niliwakuta wameshika vichwa.

Binti yako nilimpata ghorofani, juu ya stoo ya kamba, ndipo ofisi yao ilipo. Chumba kirefu, mabuti ya mpira yamepangwa ukutani, mitungi ya vioo imejaa hao krili wamelala kwenye maji ya dawa, na mezani kikombe chake cha chai kimekaa katikati ya mitungi hiyo bila wasiwasi wowote. Alinikumbatia, akanisukuma, akanitazama, akanikumbatia tena. Nikamfikishia ujumbe wako hapo hapo, hata koti sijavua, nikaupamba kidogo, nikasema umekonda mpaka pete zinadondoka. Akanijibu kwamba jana yake tu mlizungumza kwa simu ya picha na alikuona umenawiri. Kisha akasema hatabishana na mimi. Nitoke naye baharini mara moja, nione anachokifanya, halafu nimwombe tena kama nitakuwa bado na la kusema.

Hapo ndipo nilipojiponza. Meli yao ni ndogo, rangi imebanduka, na yule mtu wa winchi, yaani mashine ya kushushia na kuvutia wavu kwa waya wa chuma, alikuwa ameteguka bega amekwenda kwao. Nahodha akauliza gatini kama kuna mtu anajua winchi. Kifua changu kikajibu kabla ya kichwa. Nikasema nimeendesha winchi migodini miaka na miaka, za kuinua magari mazima na abiria wake. Wewe unajua winchi pekee niliyowahi kuigusa ni ile ya gereji ya kuning'inizia injini, tena siku moja, tena injini ikaanguka. Lakini sema usemavyo, nilijifunza upesi. Mkono wa breki ukiushika, waya unasimama. Ukiulegeza, waya unatoka. Ukiwasha mota, unarudi. Mpishi wa meli, mtu mwembamba mwenye ulimi kama wembe, alinitazama nikihangaika siku ya kwanza, akaanza kuniita Mheshimiwa Winchi, na jina likanikaa.

Sasa nikueleze kazi ya mwanao, maana mara nyingi umeniuliza anafanya nini hasa huko na mimi nikakujibu anahesabu samaki. Hahesabu samaki. Anatafuta kwa nini krili wanakuwa hapa leo na kesho hawapo. Alinifundisha jikoni mwa meli kwa chai ya maziwa. Akaiacha ikashika utando juu, akaupuliza kutoka upande mmoja. Utando ukasogea ukajikunja kwenye ukingo, na chai ya chini ikajitokeza. Akasema bahari ya pwani hii ndiyo hivyo. Upepo ukivuma sambamba na ufuko kwa muda, maji ya juu yaliyopata jua yanasukumwa kwenda mbali, na ya chini yenye baridi yanapanda kuchukua nafasi. Maji hayo ya chini yana rutuba kama shamba lililowekwa mbolea. Vimea vidogo vya kijani vinaota humo, na krili wanafuata chakula chao. Pale maji baridi yanapokutana na ya moto ndipo wanapojazana. Mchana wanazama kujificha wasiliwe, jua likielekea kutua wanapanda kula. Na penye korongo chini ya bahari, bonde refu lililokatwa kwenye sakafu yake, mikondo ya maji inawakusanya kama upepo unavyokusanya majani kwenye kona ya ua. Nikamwambia nimeelewa kuliko profesa. Akasema profesa mmoja alimwambia hivyo hivyo.

Basi miezi hiyo upepo ulikufa. Bendera ya bandarini ilining'inia kama kitambaa cha jikoni. Maji ya moto yakaja yakalala juu ya pwani yote, ukitia mkono ni maji ya kumwogeshea mtoto. Tukatoka, tukashusha wavu, tukavuta: mikia miwili ya samaki na mapande ya kiwavi wa baharini, wale wa utelezi kama jeli wanaowasha. Tukatoka tena, kiwavi. Mashua za wavuvi zilirudi tupu vile vile. Wanawake wa kiwandani walikaa kwenye ngazi na aproni zao safi, wakatuuliza kila tukipita kama leo tumewaletea jeli ya kupaka kwenye mkate. Mwanao aliwapungia mkono akapita. Mimi ndiye niliyesimama kujibizana, na mara zote nilishindwa.

Yeye alikuwa na wazo lake. Alisema krili hawajafa wala hawajahama. Wamekimbia joto kwa kwenda chini, ndani ya korongo, kule ambako maji yamebaki baridi, na hata jioni hawapandi tena. Ile mashine ya meli inayopiga mlio chini ya maji na kusikiliza mwangwi ilikuwa inaonesha mstari hafifu kule chini. Mkuu wa kituo chao cha utafiti, mtu mzima mwenye miwani mbele ya macho na mingine juu ya kipara, alisema mstari huo ni kiwavi au ni tope, na wavu wenyewe ni mmoja. Ukiuteremsha korongoni kuta zake za mawe zitauchana, na hapo wote tutakwenda nyumbani. Wakabishana ofisini mpaka mitungi ikatikisika. Mwisho mkuu akaamua: safari moja ya mwisho, wavu mita hamsini, si zaidi, jioni wakati wanapotakiwa kuwa juu. Wakipatikana au wasipatikane, mradi unafungwa na meli inapelekwa kwingine.

Kwenye wavu kulikuwa na kidude cha kusoma kina na joto, lakini kiliingia maji kikafa na kipya kilikuwa hakijafika. Kwa hiyo kina cha wavu kilijulikana kwa kitu kimoja tu: kibao cha namba kwenye winchi, kinachohesabu mita za waya zikitoka, na kinachorudi sifuri waya ukirudi. Kibao hicho kilikuwa kinatazama kiti changu. Mtu mwingine hakioni mpaka aje asimame mgongoni kwangu.

Tukafika juu ya korongo. Bahari imetulia kama sinia, jua linashuka. Nahodha akaamuru shusha, nikashusha. Mpishi alikuwa amekaa karibu yangu akimenya viazi, akanichokoza, akasema Mheshimiwa, leo ndiyo mwisho wa uongo wako humu melini, tupe mmoja wa kuagia. Nikaanza kumpa ule wa lori lililokatika breki mlimani, nimepakia mayai, kona moja baada ya nyingine, na nikafika chini bila yai kupata ufa. Unaujua, nimeshakusimulia wewe mara nyingi, na kila mara mlima unaongezeka urefu. Sasa Dada, lile lori haliwezi kusimuliwa kwa mkono mmoja. Usukani ule ulikuwa mkubwa, lazima uukamate kwa yote miwili, hivi na hivi. Nikauachia mkono wa breki nikakamata usukani. Nikakata kona ya kwanza, nikakata ya pili, mpishi amekodoa macho, kiazi kimesimama mkononi, na waya nyuma yangu unatoka taratibu bila kelele, maana niliupaka mafuta mwenyewe asubuhi. Nilipolifikisha lori bondeni na kugeuka, kibao kilikuwa kimepita mia mbili na thelathini.

Moyo ulinishuka pamoja na ule wavu. Nikakamata breki. Nikatazama huku na huku: mpishi ameinamia viazi vyake, nahodha yuko kwenye usukani, mwanao na mkuu wamesimama ubavuni wanatazama maji. Hakuna aliyejua ila mimi. Wakaniambia vuta, nikavuta, na nikawa naomba kimoyomoyo usije mtupu na umechanika. Ulipochelewa kutokeza, nahodha akauliza kulikoni, nikamjibu mzigo ni mzito, mota inapumua.

Kumbe kweli mzigo ulikuwa mzito. Wavu ulitoka umejaa krili mpaka mkiani, wekundu, wanarukaruka, wanaanguka sitahani kama pilipili za kiroba kilichopasuka. Nahodha, ambaye hacheki, alicheka. Mpishi alinipiga mgongoni na kisu bado kiko mkononi. Mkuu akavua miwani ya machoni akavaa ya kiparani, akaniuliza wavu ulikuwa mita ngapi.

Ningesema kweli pale pale, mambo yangeishia hapo. Lakini nilihesabu haraka. Nikisema mia mbili na thelathini, mimi ndiye niliyetaka kuuchana wavu pekee kwa sababu ya lori la mayai. Nikisema hamsini, mimi ndiye fundi. Nikasema hamsini, haikupungua wala haikuzidi. Na kwa kuwa sijui kunyamaza, nikaongeza kwamba niliwahisi kwenye waya wakigonga wavu, tiki tiki tiki, kabla hata ya kuvuta.

Mwanao hakushangilia. Alitia mkono kwenye kopo lililofungwa mwisho wa wavu, ambalo hupanda na maji ya huko chini, akauacha humo, akasema maji haya ni baridi mno kwa hamsini. Akaja mpaka kwenye kiti changu, kibao kikiwa kimeshasoma sifuri. Akaniuliza kwa upole, Mjomba, una hakika? Nikaapa. Akaniuliza mara ya pili. Nikaapa kwa kaburi la mama yetu, Dada. Akaniamini. Wewe ungekuwepo usingeniamini hata ningeapa kwa kaburi langu mwenyewe, lakini yeye aliniamini kwa kuwa ni mjomba wake. Akaenda akakaa juu ya rundo la kamba mpaka gatini.

Mimi sikuelewa kwa nini amenywea. Mpishi ndiye aliyenielewesha wakati tunafunga meli, kwa dharau yake ya kawaida. Akasema, Mheshimiwa, kama krili wako mita hamsini ndani ya maji ya moto, wamenona na wamechangamka, basi joto haliwasumbui, na yote aliyoyasema mpwa wako tangu mwanzo ni ya kutupa. Mkuu alishamwambia hivyo hivyo, kwa maneno ya adabu zaidi, kwamba bahari haisomi karatasi zake. Na mkuu akatangaza mjini kwamba krili wapo palepale pa siku zote. Mashua zikatoka kwa furaha, zikavua mita hamsini, zikarudi na kiwavi. Wavuvi wakasema sisi tulibahatisha, wengine wakasema tumewachezea. Mimi nikawa napita mtaa wa nyuma, kofia mpaka kwenye nyusi.

Haikupita muda, mwanao akaja chumbani kwangu. Hakukaa. Alisema nimeshinda, tumwandikie mama tunakuja. Alisema alikuwa tayari kupigana na mkuu, na mji, na hata na wewe, lakini hawezi kupigana na wavu uliojaa. Dada, neno ulilonituma kulitafuta lilikuwa mbele yangu, limejileta kwa miguu yake, na sikutakiwa kufanya lolote ila kufunga mdomo. Nikakuandikia tunakuja. Ukanijibu umeshamtandikia kitanda. Nikaurudia ujumbe huo mara nyingi mpaka simu ikaisha chaji.

Tukapanda basi. Mizigo ikaingia chini, yeye akakaa dirishani, mimi pembeni. Mabuti yake alikuwa amewaachia wenzake. Nikasema kimoyomoyo, likishatoka tu nitatulia. Halikutoka, dereva alikuwa anamngojea abiria aliyekwenda kununua maji. Mwanao akaanza kuongea akitazama nje. Alisema atawafundisha vizuri wanafunzi wa ile shule, na jambo la kwanza atawaambia ni kwamba mtu anaweza kulipenda wazo lake na likawa si kweli, na hakuna aibu. Kisha akanigeukia akanishukuru. Alisema wote wamekuwa wakimbembeleza kwa maneno ya kumfurahisha, nahodha, mpishi, hata mkuu siku nyingine, lakini mimi niliyekuja kumrudisha nyumbani, ambaye ningeweza kumwambia chochote, nilimpa namba jinsi ilivyokuwa. Alisema hakutegemea hivyo kutoka kwangu, na kwamba nimempa heshima.

Nikaanza kupiga sakafu kwa visigino mpaka mama wa kiti cha mbele akageuka. Na nikamwambia. Nikamwambia lori, mayai, usukani, mikono miwili, mia mbili na thelathini. Nilitegemea atapiga kelele. Aliniuliza tu nirudie ile namba. Nikairudia. Akaniuliza kama niliiona kwa macho yangu au ni hadithi nyingine. Nikasema niliiona. Akaangalia mkono wake, ule aliotia kwenye kopo, akasema, yale maji yalikuwa baridi. Kisha akasimama, akaniruka magoti, akamwambia kondakta afungue buti. Abiria wakalalamika tumewachelewesha, mmoja akamwita bibi arusi aliyeghairi. Akachukua begi lake begani, akashuka ule mteremko kuelekea bandarini bila kutazama nyuma, na mimi nikamfuata kwa mbali kama mbwa aliyeiba.

Hiyo ndiyo sababu hamkutuona, wewe na kitanda ulichotandika. Ningenyamaza dakika chache zaidi, leo angekuwa nyumbani kwako anakuchua goti.

Yaliyofuata ni mafupi. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu na begi lake, akanisimamisha mbele yake nikayasema yote tena. Mkuu alinitukana kwa lugha ya vitabuni, sikuelewa maneno yote lakini nilielewa maana. Wakatoka tena baharini. Mara ya kwanza waliuteremsha wavu korongoni, ukarudi na tundu la kupita mtu na hakuna kitu. Wakaushona. Mara ya pili, kina kile kile cha lori langu, ulirudi umejaa, na maji ya kwenye kopo ni ya barafu. Wakaupandisha wavu kidogo, krili wachache. Wakaupandisha tena mpaka kwenye joto, hakuna. Walirudia siku kadhaa, ikawa vile vile. Krili wako chini, wamekaa kwenye baridi yao wanangoja upepo. Sasa mkuu mwenyewe anazunguka anawaambia wavuvi hivyo, anatumia mfano wa chai ya maziwa, na hasemi ameutoa wapi. Meli haipelekwi kwingine. Mwanao amepewa kuongoza kazi hii, apime upepo ukirudi wanapanda vipi, na upepo huo hakuna anayejua utarudi lini.

Mimi wameniacha kwenye winchi, maana aliyeteguka bega hajapona. Mpishi amewekwa mgongoni kwangu kusoma kibao kwa sauti, na anaisoma kama anayetangaza mpira. Mwanao hanisemeshi. Ananiambia shusha, simama, vuta, basi. Jana ndiyo aliongeza swali moja, kama mama ameshaambiwa. Nikasema bado. Akasema atakupigia mwenyewe, lakini barua yangu itangulie, na nisitie chumvi.

Kwa hiyo sikutia. Nilitaka kukuandikia kwamba atakuja likizo ndefu, au kwamba muhula ujao, au kwamba mwalimu mkuu amngojee kidogo. Karatasi zenye maneno hayo ziko sakafuni hapa, nazikanyaga nikitembea. Hatakuja, Dada. Ile nafasi ya shuleni mwambie mama yule ampe mwingine. Ulinituma nikuletee mwanao, nikampata, na kwa mdomo wangu huu huu nikakunyima. Sijui kama nimetenda vizuri. Najua tu kwamba kwenye lile basi nisingefika nikiwa mzima. Ningekuahidi kwamba nitakuja mimi kukaa na wewe mahali pake, lakini mimi na wewe tunajua ningekaa juma moja nikaanza kuzunguka ua.

Ukikasirika, unikasirikie mimi. Yeye simu yake ipokee. Anaogopa kukupigia kuliko anavyoliogopa korongo.

Wasalimie wote wanaoniulizia, hata jirani wa nyundo. Kunywa dawa kwa wakati, na usipande ngazi kufuata vitu vya kabatini, mwite mtu. Mama mwenye nyumba anakusalimu ingawa hakujui, na mpishi anauliza kama lile lori lilikuwepo kweli. Ukimjibu, mjibu vizuri, bado nafanya naye kazi.

Nakuaga kwa upendo na kwa aibu,

Ni mimi mdogo wako,
mjomba wa mwanao.